Wameniita Mumiani

Mitundu, Juni 1954

Mshai, wameniita mumiani! Mimi!

Nimehamia hapa jana tu. Leo asubuhi nilikuwa naandaa vifaa vya kuchanja ndui, mama mmoja akaona chupa ya dawa nyekundu. Akapiga kelele, "Huyu wa Kenya anakusanya damu!"

Wanaume wakaizunguka zahanati na marungu. Nikasema nimejitolea, silipwi. Wakazidi kukasirika.

"Hulipwi? Sasa umefuata nini huku?"

Mshai, hebu fikiria. Umefuata nini huku!

Bibi Anastazia, jirani yangu, akawapita, akakunja mkono wa gauni. "Nichanje mimi. Nikifa, mfanyeni mtakavyo."

Nimemchanja. Sasa wamekaa wote wanamtazama kama atakufa. Hata mimi namtazama, na dawa naijua.