Risasi Zangu Tatu

Dada yangu kipenzi,

Ndoa tamu, acha tu! Kila asubuhi mume wangu ananiletea chai kitandani na kuniita "bosi".

Jana tulikwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha kurekebisha darubini ya bunduki yake ya kuwindia, maana siku hizi anakosa shabaha. Tuliilaza juu ya gunia la mchanga. Akapiga risasi tatu, zikatawanyika ovyo kwenye karatasi ya shabaha. Akazungusha skrubu ya darubini, akapiga tena, yale yale.

"Imekufa hii," akasema. "Hebu jaribu, bosi. Vuta pumzi, itoe nusu, kisha bonyeza triga taratibu."

Mimi, ambaye sijawahi kushika hata manati! Risasi zangu tatu zilikaa pamoja, kiganja kimoja kinazifunika. Nikarukaruka kwa furaha. Yeye akaikodolea macho karatasi. Ndipo nikaelewa: bunduki ni nzima, jicho lake ndilo bovu. Na Jumatatu anaongoza wageni kuwinda nyati!

"Usimwambie mtu," akaninong'oneza.

Nikamkumbatia, nikasema nitakuambia wewe tu, dada, kwa kuwa wewe ni muuguzi wa macho. Amenuna, lakini tiketi za basi za kuja kwako nimeshakata, umpime. Wageni watafute kiongozi mwingine. Mimi mume nimempata juzi tu, na bado sijamshiba.

Mdogo wako mwenye raha na wasiwasi,
Bosi