Machela ya Babu Haitaki Kuwambwa

Babu yangu mpenzi, mume mwenzangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na uzuri unazidi. Barua hii nimemwomba Shangazi aisome barazani, mlango wazi, hata mpita njia asikie, kwa sababu nimepata habari zako mbili na zote zimenikera. Ya kwanza, kwamba huko Pangani unawaambia watu kuwa ile machela ya kulalia uliibuni wewe. Hiyo nakusamehe, ni uzee. Ya pili, kwamba bamvua hii huji dago. Umesema, "Waambieni dago nimewaachia vijana." Hiyo sikusamehe, na ndiyo iliyonishikisha kalamu, mimi ambaye tuliachana na kalamu kwa wema nikiwa darasa la nne.

Wenzako hapo barazani hawajui, basi niwaeleze. Tangu mimi sijang'oka meno ya utoto, kila maji ya bamvua, yanapojaa na kutoka mpaka mbali, ulinichukua tukavuka ghuba, tukapiga dago, kambi yetu ya uvuvi, kule ufukweni kwenye mivinje. Maji yakitoka tunachokoa pweza mwambani, yakirudi tunapika, tukichoka tunalala mchangani. Ulikuwa ukinionyesha tundu, unasema, "Tia fimbo, usitie mkono, huyu ana hasira kama Bibi yako." Nami nikirudi namfikishia Bibi maneno yote, bila kupunguza.

Halafu mwaka juzi nyonga yako ikagoma. Kulala chini unalala, ila kuinuka ndiyo kazi. Asubuhi tulikuinua watu watatu kama tunaovuta ngalawa, nawe unatutukana mmoja mmoja kwa jina. Bibi akakata shauri: mtu asiyeweza kuinuka mchangani asilale mchangani. Ukabaki nyumbani Mabawa bamvua ya kwanza, ukabaki ya pili. Unakumbuka ulivyokuwa? Ulikuwa unamkosoa kila mtu, mpaka kuku. Chai ilikuwa na moshi, kuta zilikuwa na unyevu, muadhini alikuwa anakohoa. Bibi, mke wangu yule, alikonda kwa ajili yako.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, na Shangazi asome polepole sehemu hii.

Kule Raskazone, kwa yule Mzungu ninayemkatia majani, nilimwona bwana mkubwa amelala mchana hewani. Amefunga kitambaa kinene baina ya miti miwili, yumo ndani kama ndizi ndani ya ganda, kitambaa kimelegea mpaka karibu kugusa majani. Nikamtazama, nikamhurumia. Nikasema, masikini, nchi ya watu, hana hata mtu wa kumkazia kamba. Lakini akili yangu haikulala. Nilikuja mbio nikakwambia, "Babu, nimepata dawa ya nyonga. Hutalala chini tena, utalala juu, na asubuhi unashusha miguu tu."

Wavu uliufuma wewe, sikatai. Katani tulipewa na jirani yetu Yohana, anayefanya kazi shamba la mkonge, naye alituletea singa ndefu, nyeupe, za kuvisha bibi harusi. Ulisokota, ukafuma, ukaacha kuwakosoa kuku. Kufunga ndiko kulikuwa kwangu. Nikafunga upande mmoja kwenye mnazi wa uani, upande wa pili kwenye nguzo ya jiko, nawe umekaa kwenye kigoda unaamrisha.

"Kaza."

"Nimekaza, Babu."

"Kaza hasa. Unaogopa kuiumiza?"

Nikatia mguu kwenye mnazi nikavuta mpaka mishipa ikanitoka. Tungefanyaje? Sisi ni watu wa vitanda vya kamba. Kwetu kitanda kilicholegea ni aibu ya nyumba nzima. Mgeni akikilalia akaamka mgongo umepinda, habari hufika mtaa wa Usagara kabla yake mwenyewe kufika. Tukaiwamba ile machela kama ngoma. Ulipoipiga kwa kiganja ikalia, ukafurahi, ukavua kofia, ukapanda.

Ikakupindua kama chapati.

Namshukuru Mungu uliangukia ubavu mzima, na mchanga wa uani ni laini. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani kafunga kitu hiki?"

"Mjukuu wako," ulisema wewe, bado uko chini. Upesi hivyo, mume mwenzangu. Sijasahau.

"Na nani kasema kaza?"

Hapo ukaanza kutafuta kofia yako.

Bibi akasema neno moja tu, na sote tulijua halirudi. "Kesho alasiri watu wanavuka. Akianguka tena mbele yangu, dago basi, mpaka kiama. Na wewe, kijana, nitakuwamba wewe kwenye huo mnazi."

Nikaenda kujificha jikoni, maana ndiko wanakofichwa wenye akili. Nimekaa pale, naangalia ile susu ya Bibi iliyoning'inia darini na samaki wa kukaanga ndani ya bakuli, mara paka akaruka. Akadandia ukingo, susu ikayumba huku, ikayumba kule, paka akaanguka, na samaki hata mmoja hakumwagika. Nikainuka kutazama vizuri. Nyuzi zake ni nyingi, nyembamba, zinashika bakuli pande zote, halafu huko juu zote zinakutana kwenye kifundo kimoja. Na hakuna aliyeikaza. Imejiachia, inakwenda na uzito unakokwenda. Nikamkumbuka yule Mzungu na ganda lake la ndizi. Kumbe sikuwa na haja ya kumhurumia.

Nikafungua kazi yote. Kila upande wa wavu nikatoa kamba nyembamba nyingi, zikatanuka kama vidole, zote nikazikutanisha kwenye pete moja ya chuma, na pete ndiyo ikashika kamba nene. Kamba nene nikazifunga juu zaidi, mnazini na nguzoni, wavu ukashuka katikati kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Ulikuja ukaitazama kwa huzuni.

"Hiki kitanda kimekufa," ukasema.

"Lala, Babu."

"Kaza kwanza."

"Sikazi."

"Watu watapita waone."

"Wapite."

Tulibishana mpaka Yohana akaja ukutani kusikiliza, na huenda tungekuwa tunabishana mpaka leo. Bibi ndiye aliyechoka. Akaweka mwiko chini, akakaza kanga, akasema, "Pisheni, nianguke mimi, mimi nyonga ninazo." Akaketi katikati, akaingiza miguu, akalala kimshazari, kichwa pembe hii na miguu pembe ile, na mgongo wake ukanyooka kama yuko juu ya mkeka. Tukangoja aanguke. Hakuanguka. Akafumba macho. Tukamwita, akasema, "Niacheni kidogo." Wali ukashika moto, tukaunusa, tukamwambia, akasema tuuache uungue.

Wivu ukakushika. "Shuka, ni yangu hiyo," ukasema, na mara hiyo hukutaja kukaza.

Siku ya pili ulivuka nasi. Nikafunga machela baina ya mivinje miwili, ukalala kimshazari kama mke wangu alivyokuonyesha, ukakoroma mpaka kaa wakahama. Alfajiri nikaamka kuja kukuinua, nimekwisha kunja mikono ya kanzu, na nikakuta wavu mtupu unayumba. Ulishusha miguu mwenyewe, ukasimama, ukaenda mwambani. Nilikukuta unarudi na pweza wawili begani, unanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Vijana wa siku hizi mnalala sana," ukasema. Babu, sijawahi kutukanwa nikafurahi vile.

Sasa upo Pangani kwa Shangazi, unakunywa chai isiyo na moshi, na mke wangu umemchukua. Sawa. Lakini juzi nimeitoa machela, nikaifunga uani kujaribu kamba kabla ya bamvua. Baba akalala. Akateleza, akatumbukia katikati, goti likamgonga kidevu. Yohana akalala, naye akatumbukia palepale. Nikalala mimi, mtaalamu mwenyewe, nikabaki mguu mmoja hewani. Nikageuza wavu chini juu, nikaulowesha maji, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu unazijua. Hapana. Wavu umeshika umbo lako. Pale nyonga yako mbovu inapolala pana shimo, na begani pana shimo, na miguuni umetanuka kwa urefu wako. Kila anayelala mle analala ndani ya Babu.

Sitasema nimekukumbuka, barazani pana watu. Ninasema tu kwamba machela hii haina mwingine wa kuilalia, na mimi siwezi kupoteza usiku wangu wote dago nikijipindua ndani ya mwili wa mzee. Kwa hiyo maneno yako ya kuachia vijana, vijana wamekataa.

Panda basi uje, na mke wangu aje naye, maana susu yake jikoni imebaki tupu. Usinijibu kwa barua; mwandiko wa Shangazi ni wa mtu aliyesoma na mimi hunipa kizunguzungu. Nijibu kwa miguu.

Ni mimi, mjukuu wako, aliyebuni machela.