Mbegu Tuliyoiita Haiyumbi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimezoea kukuamkia kabla ya neno lolote, na hasira haijanitoa adabu. Lakini nina hasira, Mwalimu.

Arobaini yako tuliisoma Alhamisi, pale kwako Mabawa. Mkeo, Bi Rukia, alipika ubwabwa wa kulisha mtaa mzima. Bi Fatuma wa Tongoni naye alikuja, yule mwenye kisima kando ya shamba letu la majaribio. Akawa anawasimulia kinamama wema wako: "Yule bwana alikuwa na imani, jamani! Mwaka ule wa jua, kila akitoka kuswali alfajiri, yuko kisimani kwangu. Ndoo mbili mbili, anainywesha pamba yake kama mtoto mchanga." Kinamama wakasema mashallah. Mimi nikalirudisha tonge sahanini.

Miaka tisa nimekuwa mwanafunzi wako. Ulinifundisha kulifungua ua la pamba jioni kabla halijachanua, kuliondolea chavua zake kwa ukucha, kulivisha kipande cha mrija wa soda, na asubuhi kulipaka chavua ya mmea tuliouchagua sisi. Ulinifundisha kuzichana nyuzi za mbegu moja juu ya kipande cha buibui kuukuu la Bi Rukia, zilale pande zote, tuone urefu wake kwenye weusi ule. Ukiziona ndefu ulikuwa unacheka peke yako. Nyuzi zile hazikuwa uongo. Nimezipima tena juzi, ni ndefu na imara vilevile.

Lakini nyuzi peke yake hazitoshi, ulikuwa ukisema mwenyewe. Mkulima anataka mbegu itakayomzalia mwaka wa mvua na mwaka wa jua. Na ushahidi wetu wote ulikuwa mwaka ule wa jua, pamba za mashamba ya jirani zilipokauka na yetu ikazaa. Nilikuwa nikifika shambani saa mbili, nakuta udongo umelowa kwenye mashina. Ukaniambia ni umande wa pwani. Umande! Na mimi nikaamini, kwa sababu ulisema wewe. Nikaandika daftarini kwamba haikupata maji ila ya mvua, nikatia saini, na wewe umesimama nyuma yangu unaitazama kalamu.

Kwa nini, Mwalimu? Kama hukuweza kuitazama ikifa, si ungeniambia tu? Ningekuelewa. Ningelia na wewe, halafu tungeanza upya. Wewe sasa unaombewa dua, mimi nimebaki na uongo wenye jina langu. Wala huwezi kunijibu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba siwezi hata kugombana na wewe.

Jana nilikwenda Tongoni. Magunia ya mbegu yalikuwa tayari kugawiwa. Wakulima wenyewe ndio walioipa jina la Haiyumbi, kwa vile nilivyowaapia kwamba haiyumbi. Mama yangu mzazi alikuwa ameshang'oa mihogo yake yote ili aipande. Nikasimama nikawaambia kila kitu, ndoo na saini yangu. Mzee mmoja akanikatiza: "Mmengoja afe ndio mumseme?" Mama hakunitazama. Alijifunga kanga yake vizuri, akaenda zake, na mpaka sasa naandika hapa Makorora hajapokea simu yangu.

Sikukusema kwa ubaya. Ningenyamaza, wangepanda, na jua lingekuja siku moja lingewaambia lenyewe.

Magunia nimeyafungia stoo. Masika ikianza nitaipanda tena Haiyumbi, hapo Tongoni na kule bara kwenye mvua haba, na hakuna ndoo itakayoingia shambani. Nitafika alfajiri, kabla ya mtu yeyote. Nakuahidi hilo. Ikikauka, nitaandika imekauka. Ikisimama yenyewe, nitakuja kaburini kwako kukwambia kwamba hukuwa na haja ya kunidanganya, na siku hiyo nadhani nitalia kuliko nilivyolia tulipokuzika.

Pumzika, Mwalimu. Mwenyezi Mungu akurehemu na akusamehe.

Mimi bado.

Mwanafunzi wako,
Zuhura