Chungu Nilichokificha

Themi, Arusha
Ijumaa, 12 Juni

Binti yangu Elinami,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba. Baridi ni kali, na Mlima Meru haujaonekana wiki nzima.

Mishubiri ya vyunguni uliyoniachia ulipohamia Mwanza ilivamiwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama unga wanaojificha makwapani mwa majani. Niliwamwagia majivu, kama tulivyofanya migombani. Hawakujali. Aliyewaweza ni jirani yetu Nalepo. Jumamosi nne mfululizo alikuja na pamba na spiriti, akawafuta mmoja mmoja, kisha tukanywa chai. Nilitoa vikombe viwili, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mama yako atutoke.

Jumamosi iliyopita vyungu vyote vilikuwa safi, ila kimoja alichokikuta nyuma ya tangi la maji, kimejaa wadudu. Nilikificha mwenyewe, ili awe na kazi ya kumrudisha kwangu.

"Babu, hawa unawafuga?"

"Kidogo tu."

Alicheka hadi akakaa chini. "Si ungeniita tu!"

Elinami, nitamwitaje? Kwetu Machame hatukualikana. Mtu alipita migombani, akakukuta, akakaa. Hapa mjini, miaka thelathini na sita, bado sijui mtu asiye na shida hugonga geti la mwenzake akasema nini.

Kesho nitagonga la Nalepo, bila mdudu hata mmoja wa kumwonyesha.

Niombee.

Baba yako,
Abdiel