Mkanda Usio na Vipele

Jumapili, 3 Machi

Leo hakuna kazi. Nimefua nguo zangu na za shemeji, maana yeye kajilaza tangu asubuhi. Eti kifua kinambana. Eti ni kama mtu kamfunga mkanda chini ya chuchu na anaukaza tundu moja baada ya jingine. Nikamwambia huo ni mkanda wa jeshi! Mimi ulinipata mwaka jana, naujua vizuri. Kwanza maumivu, halafu vipele. Akanionyesha mbavu — hamna kitu. Nikasema subiri, vitatoka tu, vipele havina haraka kama Filimbi. (Filimbi ni msimamizi wetu. Nadhani hata kulala analala nayo shingoni.)

Jioni nikampigia mama watoto. Nikamwambia mdogo wako kaandikishwa jeshini, mkanda kapewa, bado bunduki. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, baba watoto, nitunzie, ndugu wa kiume nina huyo mmoja. Nikamjibu, si nimemfulia hata soksi?

Jumanne, 5 Machi

Duka la dawa, baada ya kazi. Mama muuzaji kauliza vipele viko wapi. Nikajibu mimi kabla shemeji hajafungua mdomo — viko njiani. Katupatia tyubu ya dawa ya kupaka. Nimempaka mwenyewe, kuanzia mgongoni mpaka tumboni.

Shemeji kauliza, umeshapaka au bado unafungua? Nikasema nimemaliza kitambo. Anasema huku chini hakusikia hata ubaridi wa dawa. Nikamwambia una ngozi ya kiboko. Nikazima taa.

Ijumaa, 8 Machi

Zege la sakafu ya ghorofa ya pili. Mashine haikuzimwa kutwa nzima. Mabega yangu si yangu.

Shemeji anasukuma toroli kama mlevi. Anasema anakanyaga godoro. Kila anapokanyaga ni godoro! Nikamwambia una bahati, sisi wenzako tunakanyaga kokoto. Watu wakacheka. Naye akacheka. Filimbi akapuliza — kazi, kazi! — halafu akanivuta pembeni. Akauliza, huyu wako kanywa nini? Mimi ndiye niliyemleta huku, mimi ndiye niliyemwombea kibarua. Nikasema hanywi huyu, ana mkanda wa jeshi, anapaka dawa.

Vipele bado, hata mama watoto nimemwambia hivyo kwenye simu.

Jumatatu, 11 Machi

Mguu wa kushoto anauburuta. Tulipokuwa tunarudi chumbani ndala ilimtoka, naye akaendelea kutembea. Hakujua. Niliiokota mimi nyuma yake nikampa. Kasema asante, kama mtu aliyeangusha leso.

Kabla ya kulala kasema, shemeji, mimi naona huu siyo mkanda. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia acha kudeka, kesho tunamwaga nguzo.

Jumatano, 13 Machi

Kaanguka. Si kutoka juu, namshukuru Mungu — kaanguka palepale aliposimama, kwenye zile mbao za kupandishia toroli. Zege lote likamwagikia miguuni. Tukawa tunalikwangua kwa mikono. Zege bichi linaunguza ngozi, hakuna asiyejua. Nikamuuliza linakuchoma? Akasema, nini? Alikuwa ananitazama mimi usoni. Miguu haitazami.

Halafu akaninong'oneza sikioni kwamba tangu jana hajakojoa. Si kwamba hataki. Haitoki.

Filimbi hakupuliza. Alikwenda mwenyewe kuleta pikapu ya saruji, akaendesha mwenyewe. Hospitali wamemwekea mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa, wakaumwaga, ukajaa tena. Nesi kauliza amekaa hivi tangu lini. Nikajifanya sijasikia.

Alhamisi, 14 Machi

Wodi. Wamempitisha kwenye mashine ya picha iliyo kama bomba, inapiga kelele kama grinda. Wamemchoma mgongoni wakatoa maji. Mama watoto kapiga simu wee. Sikupokea. Nitamwambia nini?

Ijumaa, 15 Machi

Daktari ni binti mdogo, anavaa raba, anakaa ukingoni mwa kitanda kama ndugu wa mgonjwa. Ameniuliza kazi yangu. Nikasema ujenzi. Basi kaeleza kiujenzi. Mgongo wa mtu ni paipu, ndani yake umepita waya, waya ndio unaopeleka habari miguuni na kurudisha. Paipu ya shemeji ni nzima. Waya ndio umevimba, hapa, usawa wa kifua. Mwili wenyewe umeushambulia. Kwa nini? Hakuna anayejua. Ni ugonjwa wa nadra sana, wengi hawajawahi kuusikia, hata madaktari. Wengine huinuka wakatembea, wengine nusunusu, wengine hawainuki. Ameshaanzishiwa dawa kali ya dripu ya kushusha uvimbe.

Nikamuuliza kama ingeanza mapema? Akasema kwa kawaida mapema ni bora. Akasema kwa upole. Afadhali angenikaripia.

Nimempigia mama watoto. Nikasema uti wa mgongo, akapiga kelele, homa ya uti wa mgongo! Mmejitenga? Watu wanakufa na hiyo! Nikasema siyo homa, mama watoto, ni waya. Waya gani? Nikajikuta namweleza habari za paipu.  Kisha akauliza, anatembea? Nikasema mtandao unasumbua.

Mtandao ulikuwa safi.

Jumamosi, 16 Machi

Leo daktari kaja na habari. Kuna utafiti. Dawa mpya ya dripu, inaongezwa juu ya ile ya kawaida. Inajaribiwa hospitali kadhaa kwa pamoja, maana wagonjwa wa hivi ni wachache, hospitali moja haiwezi kuwapata wa kutosha. Nusu ya watu wanapewa dawa, nusu wanapewa maji ya chumvi. Kompyuta ndiyo inayopiga kura nani apate nini. Mfuko unafunikwa kwa plastiki nyeusi, mgonjwa hajui, daktari mwenyewe hajui. Na hakuna ahadi. Dawa inaweza kusaidia, inaweza isifanye kitu, inaweza kuleta madhara, damu kuganda kwa mfano. Ndiyo maana wanajaribu. Na shemeji akikataa, matibabu yake ya kawaida yako palepale.

Shemeji kauliza, kwa hiyo naweza kuja kulala hapa nipewe maji? Daktari kasema ndiyo, inawezekana. Shemeji kasema basi si ni yaleyale, hata kwenye zege, kabla ya toroli, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa maji! Nesi kacheka mpaka kashika ukuta. Kumbe miguu ya utani wake bado mizima.

Kisha daktari kageukia kwangu. Kuna sharti. Wanachukua tu mtu ambaye hajapitisha siku kumi tangu dalili ya kwanza. Tatizo lilianza lini? Nikasema Jumatatu, mguu. Akaandika. Kisha akauliza, na kabla ya mguu? Hakusikia ganzi? Hakubanwa kifuani, kama mtu aliyefungwa mkanda?

Alisema hivyohivyo. Mkanda! Neno lenyewe, kutoka mdomoni mwake, bila mimi kulitaja.  Mkanda ndio ulikuwa dalili. Ule mkanda niliokuwa nauchekea kwenye simu.

Nikahesabu kichwani, kumi kutoka ile Jumapili. Imepita. Imepita kwa siku chache tu, zilezile za kupaka tyubu.

Nikasema hapana, daktari. Kifuani alikuwa mzima.

Shemeji alikuwa macho. Alinitazama, akatazama dari. Daktari alipotoka kasema umefanya la maana, shemeji, mimi nautaka huo mfuko. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Jumapili, 17 Machi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafua soksi.

Nimemkuta daktari kwenye korido, anakula karanga za pakiti amesimama. Nikamzungusha kwa maneno. Nikasema, hivi mtu akikosea siku zake kwenye huo utafiti, itadhuru nini? Nilidhani atasema hizo ni siri za serikali. Akaeleza tu. Kasema pengine dawa hii inafanya kazi waya ukiwa bado unavimba, na kovu likishakaa haiwezi kitu. Sasa wakiingia waliochelewa wakahesabiwa kuwa wamewahi, dawa itaonekana haifai, nasi tutaitupa. Na yule atakayeugua mwakani, akawahi, ataikuta haipo. Nikauliza na huyo aliyechelewa mwenyewe? Kasema anaweza kubeba hatari bure.

Kanipa karanga. Nimezishika mkononi mpaka zimelowa jasho.

Kuna mtu mahali fulani leo anasema kifua kinambana. Ana shemeji kama mimi? Naomba asiwe naye.

Nilimwambia shemeji yote aliyosema daktari. Sikumficha hata la hatari. Akafikiri. Kasema, shemeji, huyo wa mwakani simjui. Mimi najua kidole gumba cha mguu wangu. Jana usiku kilicheza. Nikafunua shuka, nikakaa nakitazama kidole kama anayesubiri treni. Hakikucheza. Kasema kinakuonea haya.

Kisha kasema, lakini huyo wa mwakani naye ana dada yake. Akafumba macho. Sikujua amemaliza au ameanza kitu.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika hapahapa pembeni ya kitanda. Daktari katoka, hajarudi. Niandike la sivyo nitakula kucha.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuweka sahihi. Mfuko wenyewe umeletwa, umevaa plastiki yake nyeusi, umening'inizwa kwenye chuma. Daktari kasoma kila kitu tena, polepole, mstari kwa mstari, anasimama, anauliza umeelewa? Shemeji anajibu ndiyo, mwalimu. Lile la siku kumi aliposoma, shemeji aliitazama simu yangu. Kisha kasema kabla sijatia sahihi nataka dada asikie. Weka spika.

Nikapiga, nikaweka spika. Mkono wangu mwenyewe.

Mama watoto kasalimia watu wote, kauliza hali ya daktari na ya nyumbani kwa daktari. Daktari kamweleza kwamba ndugu yake anaombwa kuingia kwenye majaribio. Majaribu? kasema mama watoto. Majaribu gani tena zaidi ya haya? Tumekosa nini sisi? Shemeji kacheka, kasema siyo majaribu, dada, majaribio, ya dawa! Wote tukacheka. Hata mimi. Nilicheka, bado nakisikia kicheko changu.

Kisha mama watoto kasema haya, kama ni dawa sawa, mimi nakubaliana na wewe. Lakini daktari, na ule mkanda wake nao mmeutazama? Maana tangu Jumapili ile walikuwa wanaupaka tu dawa ya dukani, na mume wangu anasema vipele havijatoka.

Daktari aliinua kichwa. Mkanda gani, mama?

Si mkanda wa jeshi! Kifua kilikuwa kinambana, tukamcheka hapa kwenye simu. Jumapili ya tarehe tatu, nakumbuka maana mtoto wetu mdogo aling'oka jino.

 Nesi alikuwa ameshashika mrija. Aliuachia taratibu, ukaning'inia.

Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu, kaka, ni kweli? Nikamtazama shemeji. Nilitaka anipe ishara, yoyote — kataa, kubali. Hakunipa. Alikuwa ananitazama kama siku ile ya zege, mimi usoni, akisubiri nimwambie kama linaunguza.

Nikasema ni kweli. Tarehe tatu. Yeye aliniambia, mimi ndiye niliyesema ni mkanda wa jeshi.

Daktari kafunga faili. Kasema hawezi kuamua peke yake, lazima awapigie wakubwa wa utafiti. Kasema msiguse mfuko. Katoka, raba zake zinalia kwenye sakafu, nesi nyuma yake.

Simu ilikuwa bado hewani. Mama watoto anaita, haloo? Baba watoto? Nimesema nini? Mbona mmenyamaza? Nikamwambia hujasema kibaya, nitakupigia. Nikakata. Mdogo wake, mtoto wa mama yake, na mimi nimekata.

Nikamuuliza shemeji, ulijua atasema? Kasema dada lini aliwahi kunyamaza? Sijui kama hilo ni jibu.

Mfuko bado uko palepale. Siwezi kuona kama ndani ni dawa au ni maji. Nimejaribu hata kuinama, mwanga wa dirisha ukiwa nyuma yake. Nyeusi tu.

Sasa hivi shemeji kaniita. Nilijua ndiyo hapo, atasema lile analotaka kusema, nami nimejiandaa kulipokea. Kasema, shemeji, hebu nifunue ubavu. Angalia. Vipele vimetoka?

Nimeweka kalamu, nikapandisha shati lake. Nikaangalia upande huu. Nikamgeuza taratibu, nikaangalia na upande wa pili, chini ya chuchu, kuzunguka mpaka mgongoni, sehemu yote niliyopaka. Hamna kitu.

Nasikia raba kwenye korido.