Wimbo Wako Si wa Kutwanga

Bibi,

Shikamoo. Nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia. Mama mdogo amechoka kunisikiliza.

Unamkumbuka yule Mdachi aliyepanda hadi kwetu Matombo na sanduku la kunasa sauti lenye pembe ya bati, akakuomba uimbe mbele ya ile pembe? Hukuogopa. Ulikohoa, ukafuta midomo kwa ncha ya kaniki, ukaimba ule wimbo wa mjomba, mwanao aliyekamatwa kubeba mizigo ya msafara wa Wadachi asirudi. Ulipomaliza ukaniambia, "Sasa sauti yangu itatembea kuliko miguu yangu." Mdachi aliahidi kuirudisha tuisikie. Hakurudi. Masika yalipoanza ukatutoka, nasi tukakuzika kwa nyimbo za wengine, maana wako hakuna aliyeujua wote. Hilo nalo najilaumu. Miaka yote uliimba kando yangu, nami nikaitikia tu, kana kwamba utakuwepo siku zote.

Juzi mimi na mama mdogo tulishuka mjini Morogoro kuuza ndizi. Tulipopita karibu na stesheni, mbele ya nyumba ya Wadachi, tukakusikia unaimba. Bibi, nilitua kikapu. Yule mgeni wako alikuwa barazani na wenzake, lile sanduku liko mezani. Ulipofika kwenye "Ukungu, mpishe mwanangu aione njia," mama mdogo akaitikia palepale barabarani, kama tulivyokuitikia jikoni. Wanawake waliotoka sokoni wakaitikia naye, hata wasioujua. Sijasikia kitu kizuri kama kile tangu ufe.

Wale wa barazani wakacheka. Ulipokohoa, wakacheka zaidi.

Nikapanda ngazi. Nikamwambia yule Mdachi mimi ni mjukuu wako, nataka kukusikia tena. Alinitambua, akaurudia wimbo wako mara mbili, nami nikashika maneno yote, mpaka ubeti wa mwisho ambao ulikuwa unauimba kwa kunong'ona. Nikamwomba ile nta ya ndani ya sanduku iliyobeba sauti yako. Akasema haiwezekani, inakwenda kwao Ulaya kwa wasomi. Nikamuuliza ameandika nini juu ya kopo la kuhifadhia hiyo nta. Akanisomea: wimbo wa kutwanga mahindi, mwanamke wa mlimani.

Wa kutwanga, Bibi. Alikaa mbele yako akakuona machozi yanadondoka, akaandika mahindi.

"Ana jina," nikamwambia, "na anamlilia mwanawe mliyemchukua nyinyi."

Akasema hayo si muhimu. Basi nikachukua kalamu yake mezani, nikaandika mwenyewe juu ya lile kopo kwa mwandiko niliofundishwa na masista: Sikudhani binti Mgaza, anamlilia mwanawe. Herufi zilipinda. Hakunizuia. Labda ameshafuta. Sitajua kamwe, na hilo linanichoma mpaka sasa ninapoandika.

Mlima tuliupanda tunaimba, mama mdogo mbele, mimi nyuma. Tulipofika nyumbani niliwaita binti zako wote na watoto wao, nikawaimbia ubeti kwa ubeti. Mama alilia, kisha akanisahihisha mahali pawili. Alikuwa anaukumbuka kuliko nilivyodhani.

Pumzika, Bibi. Sitawangojea wao waturudishie kitu. Nakuahidi, kila atakayezaliwa katika nyumba hii ataujua wimbo wote, na atajua ulikuwa unamlilia nani.

Mjukuu wako,
Veronika