Hesabu Yako ya Nzohe

Mzee Oduor,

Leo umetimiza siku arobaini. Najua kwenu matanga yana taratibu zake, lakini mimi ni mtoto wa Kaloleni ya Kisumu, nimelelewa kwa adhana, na kwetu siku ya arobaini marehemu husomewa. Mama amepika pilau, akaita majirani wachache wakuombee dua. Nilimwambia kwamba wewe ulikuwa mzee wa kanisa. Akasema yeye kazi yake ni kuomba tu, Mungu mwenyewe atajua pa kuipeleka.

Mimi sijalia. Sikulia nilipoletewa habari kwamba homa ya siku nne imekuchukua, sikulia mazishini, na leo nimekula pilau nikamaliza sahani. Niko kama mtu aliyekalia mguu wake hadi ukafa ganzi. Mguu upo, naukanyagia, ila siusikii. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelijua baada ya wewe kuondoka, na mtu wa kuambiwa ni wewe.

Kwanza habari za kazi, maana wewe ungeuliza hizo kwanza. Friji ya maabara imetengenezwa. Kinamasi kimejaa maji hadi kwenye ile njia yako ya kupitia, na mafunjo mapya yameota mahali palipoungua. Gambuti zako bado ziko mlangoni pa ofisi. Hakuna aliyezigusa, na mimi sijathubutu kumwambia mtu azihamishe. Na majibu ya vile vichupa ulivyojaza yamefika kutoka ng'ambo.

Ulinijua nikiwa tayari daktari. Nilikotoka uliniuliza mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa na haraka. Sasa nina nafasi. Miaka ya themanini nilikwenda ng'ambo kusomea chembe za urithi, nikarudi nikaajiriwa kwenye maabara iliyochunguza ndigana, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe. Miaka minane nilifanya kazi ya ng'ombe bila kumgusa ng'ombe. Nililetewa damu yake kwenye kichupa, nikatoa DNA, nikaisoma kipande kwa kipande. Kisha wenzangu wakaingia kwenye mambo ya jenomu, yaani kusoma maandishi yote ya urithi ya kiumbe, mwanzo hadi mwisho, wakaniambia nisiondoke, ndiko dunia inakoelekea. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilitaka mnyama mwenye miguu. Ndipo nikaomba kazi kwenye mradi wa nzohe, swala anayeishi majini, kwenye mafunjo ya ziwa letu. Nilikuwa sijamwona hata siku moja, na nimezaliwa maili chache tu kutoka alipo.

Wewe ndiye uliyenionyesha. Ulikuwa umewawinda ujanani, ukaokoka, ukaacha. Ulinishika mkono tukakanyaga mafunjo yaliyolala, maji yakiniingia viatuni, ukaninong'oneza, "Usitafute mnyama, Daktari. Tafuta masikio." Nikayaona masikio. Nilifurahi mpaka nikakupiga bega, mzee wa watu, kama rika langu.

Kijijini walisikia daktari amekuja, wakaniletea watoto wenye kikohozi. Ukawa unawarudisha njiani. "Hii ni daktari ya mavi, si ya watoto." Nilikuwa nimekueleza kwamba kinyesi cha nzohe kina chembe za mwili wake, na kwa chembe hizo naweza kumtambua mmoja mmoja bila kumkamata. Ulifikiria kwa muda mrefu. Kisha ukasema, "Kumbe hata mavi iko na kitambulisho. Na mimi yangu ilipotea soko ya Otonglo, mpaka leo serikali hawaniamini." Tulicheka hadi ndege wakaruka. Mzee, nilikupenda kuanzia siku ile, na sikukwambia. Ningekwambia vipi?

Kazi yako kubwa ilikuwa kuhesabu. Kila alfajiri ulikaa juu ya kile kichanja cha mbao, nzohe wakitoka kula majani ya pembezoni, ukaandika. Sehemu zilikuwa tatu: upande wa kijiji, upande wa mto na upande wa ziwa. Miaka miwili, daftari mbili, mwandiko wa mtu aliyefundishwa na wamisionari.

Halafu wakaja wageni wa mradi. Unaikumbuka asubuhi hiyo kuliko mimi. Wanakijiji walikuwa wamesimama wakitazama, naibu wa chifu amevaa kofia yake, na nzohe kwa bahati nzuri wakatoka wote upande wa kijiji. Niliwahesabu saba. Mgeni mmoja akawahesabu saba. Nikachungulia daftari lako, umeandika sita. Nikakwambia hesabu tena. Ukatazama, midomo ikicheza, ukasema, "Sita, Daktari." Nikaona haya mbele ya wageni, na mimi nikiona haya huwa mkali. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, kwamba huyu mzee ananiandikia uongo.

Hukukasirika. Ulifunga daftari ukanipa kwa mikono miwili. "Mimi nimeandika vile naweza."

Nilidhani ni kiburi. Nikaandika barua makao makuu kwamba hesabu za miaka miwili haziaminiki, zitupwe. Kazi ya kuhesabu nikaichukua mwenyewe, wewe nikakuachia kuokota kinyesi tu. Nilijua ni tusi. Nilitaka liwe tusi. Ukasema sawa, na kwa mwaka mzima na zaidi uliingia kinamasini na vichupa vya spiriti mfukoni, ukabandika kila kimoja karatasi yenye siku na mahali, na hukukosea hata kimoja. Tulisalimiana. Hatukucheka tena.

Mazishini niliitwa niseme neno. Nilisimama, nikasema ulikuwa mchapakazi, nikakaa. Watu walisubiri niendelee.

Wiki mbili baadaye majibu yakaja, ya vichupa vyote, tangu vile vya miaka miwili uliyohesabu. Nilikaa nayo mezani pamoja na daftari zako, ambazo sikuzitupa kwa sababu mimi ni mtu wa kuweka karatasi. Upande wa kijiji wewe uliandika sita, DNA inasema saba. Upande wa mto wewe tisa, DNA kumi. Upande wa ziwa nne na tano. Nikadhani mashine imekosea. Nikarudia hesabu siku nzima. Mtu mvivu huandika namba ileile kila siku. Mtu mwongo hupandisha leo na kushusha kesho. Wewe nzohe alipozaa ulipandisha, alipokufa ulishusha, miaka miwili hukupotea hata mara moja, ila kila mahali ulipungukiwa na mmoja. Mmoja tu. Mtu hawezi kukosea hivyo bila kujua idadi kamili.

Nilinunua sukari na majani ya chai nikaenda kwa mkeo. Mama Atieno alikuwa anawapakulia wajukuu chakula. Mimi kwa wafiwa huwa sijui la kusema, nikauliza una wajukuu wangapi, mama. Akasema watano. Na mbele yangu walikuwa wamekaa sita, mdogo kabisa akiwa mapajani mwake. Nimekula mshahara wa kuhesabu, sikuweza kunyamaza. Nikamwuliza na huyu je?

Akamfunika yule mdogo kwa kitenge chake. "Wewe Daktari, hapa kwetu mtu hahesabu kitu iko na roho akamaliza. Ukimaliza, kifo inasikia. Lazima uache moja."

Akaendelea bila kuulizwa, kama mtu aliyelibeba kwa muda mrefu. Alisema uliacha mmoja kila mahali, kwa ng'ombe, kwa kuku, kwa watoto wako mwenyewe. Alisema ulirudi nyumbani siku ile ya wageni ukakataa kula. Alikusihi uje unieleze. Ukamjibu, "Yule mtoto amesoma sana. Akijua, ataona mimi ni mshenzi. Wacha anione mwongo."

Mzee Oduor. Mama yangu mzazi hawezi kumsifu mtoto wa mtu bila kusema mashaallah, asije akamtia kijicho. Akisahau, hurudi mlangoni kwa watu kuisema. Mimi nimekua nikisikia hivyo, na mpaka leo nasema hivyohivyo, shahada zangu zote zikiwa ukutani. Ningekuelewa. Ungeniambia tu, ningekuelewa! Tungeongeza mmoja kila mahali kwenye karatasi zangu na wewe ungeandika yako kwa amani. Najiambia hivyo. Kisha nakumbuka uso niliokuonyesha asubuhi ile, na naona ni kwa nini hukuniambia.

Kuna jingine alilosema. Kwamba zamani watu wakigombania mpaka wa shamba, wewe ndiye uliyekuwa ukiitwa useme jiwe lilikuwa wapi, kwa sababu neno lako lilikuwa halina maswali. Baada ya siku ya wageni hukuitwa tena. Daktari mwenyewe amesema, nani ataita mwongo kuwa shahidi? Ulikaa nyumbani siku za kesi, ukichonga mipini ya majembe.

Nilipoaga, alinisindikiza hadi kwenye ua wa minyaa. Akasema watu wa kanisani walikuwa wakikuuliza mradi wenu uko na watu wangapi. Nilijua tulikuwa wanne: wewe, dereva, mtu wa maabara na mimi. "Alikuwa anawaambia watatu," akasema. "Wewe ndiye alikuwa anaacha. Hata baada ya kumtukana."

Niliendesha gari hadi Kisumu. Sikumbuki barabara.

Jana kulikuwa na baraza. Nilimwomba naibu wa chifu dakika tano, akanipa, nikasimama mbele ya watu walewale wa asubuhi ile. Nilisema Mzee Oduor hakuwahi kuniandikia uongo. Nilisema alijua idadi ya nzohe kuliko mashine za ng'ambo, na majibu haya hapa, na aliyekosea ni mimi. Niliomba radhi kwa familia yake na kwa kila mtu aliyeacha kumwita kwenye kesi ya mpaka kwa ajili ya maneno yangu. Sauti haikutetemeka. Ningependa ingetetemeka. Nilisema kama mtu anayesoma ratiba.

Naibu wa chifu anapenda kuandika kila kitu. Akafungua kitabu chake, akashika kalamu. "Basi, Daktari, tuambie. Hao nzohe wote ni ngapi kamili?"

Idadi ilikuwa mkobani mwangu, imepigwa chapa na muhuri. Miaka ishirini ya kusoma, Mzee, ili siku moja niulizwe swali la namna hiyo na niwe na jibu. Mama Atieno alikuwa mstari wa mbele, macho chini, vidole vimeshika kitenge.

"Wapo," nikasema.

Naibu alisubiri. Nikarudia, wapo. Kutoka nyuma mzee mmoja akasema "Erokamano," na wengine wakaitikia shukrani hiyo, na nilipoketi Mama Atieno akanisogezea nafasi kwenye benchi karibu naye.

Sitakudanganya: ripoti itakwenda na idadi yote, hiyo ndiyo kazi yangu na wewe uliijua. Lakini barua yangu ya zamani nimeitangua kwa barua nyingine yenye sahihi yangu. Daftari zako zinaingia zote mbili, kama ulivyoziandika, bila alama ya kalamu yangu hata moja, na mahali pa mhesabuji pana jina lako. Msimu ujao nitapanda mwenyewe kwenye kichanja chako. Nakuahidi nitahesabu kimoyomoyo.

Mama ananiita nije niwaage majirani. Pumzika, Mzee. Nakuaga kwa lugha yenu: oriti.

Mwanao uliyekuwa ukimwacha,
Zaituni